Uongo Niliousema Mbele ya Kamati

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau kwa zaidi ya miaka ishirini, nayo imekataa kusahaulika. Tulikuwa Bwera, mji wa mpakani, kwenye uwanja wenye mteremko, ambako mpira ukipigwa vibaya huteremka kuelekea Kongo na mchezo husimama hadi mtu aurudishe. Jua lilikuwa la saa tisa. Watu walijaa hadi kwenye mistari, wengine wamekaa juu ya magunia yao ya kahawa waliyokuja nayo sokoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, beki wa kati wa klabu moja ya mjini Kasese, mtoto wa mtaa wa Nyamwamba, mrefu, mwenye mabega, mwenye kichwa kigumu nje na ndani. Mashabiki waliniita Bariya, kwa jina la kile chuma kinachoshushwa barabarani pale mpakani ili gari lisipite. Nililipenda jina hilo kuliko la kwangu. La kwangu ni Bwambale, na kwetu sisi Bakonzo jina hilo mzazi halihangaikii. Mtoto wa pili wa kiume huja nalo. Ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, kwa watu wa Beni na Butembo, mtoto huyohuyo wa pili huitwa Kambale. Nilipokwenda kucheza Mwanza miaka ya baadaye wenzangu walicheka sana kusikia hivyo, maana kwao kambale ni samaki. Wewe usicheke. Namba tisa wa Bwera siku ile aliitwa Kambale.

Alikuwa amevuka mpaka na mama yake miaka miwili kabla, wakikimbia mambo ambayo hakupenda kuyasimulia. Mama aliuza mawese na maharage sokoni Mpondwe. Yeye alibeba magunia asubuhi na kucheza mpira jioni, na mwanangu, kijana yule alijua mpira. Alikuwa anasimama nao kana kwamba amesahau kitu nyumbani, beki anapumua, halafu ghafla hayupo tena mbele yako. Katika mchezo wa kwanza, pale kwetu Kasese, alinipita mara mbili na kufunga mara mbili. Nilipotoka uwanjani mama mmoja muuza chapati aliniuliza, mbele ya watu, kama bariya imeharibika au leo imefunguliwa kwa wote. Watu walicheka. Mimi nilicheka nao, lakini kicheko hicho kilinikaa kooni wiki nzima.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikisubiri Jumapili hiyo. Klabu kubwa ya Kampala ilikuwa imemtuma mtu kuja kuniangalia. Mtu huyo nilimwona kwa macho yangu, amevaa shati jeupe, ameketi karibu na lango la kaskazini na daftari dogo mapajani. Nikicheza vizuri ningekwenda Kampala. Nikipitwa tena na Kambale, ningerudi kulima pamba na kaka yangu.

Kocha wetu alikuwa askari mstaafu. Tulimwita Afande, na hata mkewe alimwita Afande. Kabla ya mchezo alinivuta nyuma ya gari lililotuleta.

"Bariya."

"Ndiyo, afande."

"Ile namba tisa, mimi hapana taka ione nusu ya pili. Nasikia?"

Nilikuwa nimeelewa, ila nilitaka kujifanya sijaelewa.

"Nauliza wewe, nasikia?"

"Nasikia, afande."

"Haya. Kwenda."

Maneno yalikuwa hayo tu. Nimejitetea miaka mingi kwamba nilitumwa, kwamba mtu wa cheo alitoa amri. Lakini Afande alibaki pembeni, mwanangu. Aliyeingia uwanjani ni mimi, na miguu iliyokwenda ilikuwa yangu.

Kwa nusu saa Kambale alinichezea anavyotaka. Kila alipogusa mpira uwanja wote ulipiga mayowe, nami nilimwona yule mwenye shati jeupe akiandika, sikujua anamwandika nani. Kisha ukaja mpira mrefu kutoka nyuma yao. Kambale akautuliza kwa kifua, akasimama vile alivyozoea, kana kwamba amesahau kitu. Mimi sikuutazama mpira. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Nilitazama mfupa wa mguu wake wa kushoto, chini kidogo ya goti, na nikaruka na njumu zangu zote mbili mbele.

Umewahi kumsikia mtu akivunja muwa kwa goti? Basi.

Mpira ulisukumwa na mwili wake ukatoka nje. Mwamuzi alikuwa mbali, jua likimpiga usoni. Kabla hajafika niliinuka, nikachora duara hewani kwa mikono miwili kama mchezaji anayeonyesha kwamba alichukua mpira, nikapaza sauti: "Niligusa mpira! Niligusa mpira!" Mwamuzi akanitazama, akamtazama mshika kibendera, kisha akaonyesha mpira urushwe. Hakutoa kadi.

Kambale hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alikaa chini akishika goti kwa mikono, uso umekuwa wa kijivu, mguu chini ya goti umegeuka upande ambao mguu hauendi. Akaniangalia mimi.

"Juu ya nini?" akauliza, akimaanisha kwa nini. Kwa sauti ya chini tu, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Golikipa wetu, Thembo, rafiki yangu tangu shule, alikuwa hatua tano nyuma yangu. Niligeuka nikakutana na macho yake, na nikajua kwamba ameona kila kitu.

Watu waliingia uwanjani. Mawe yakaanza. Polisi walitufungia ndani ya gari letu, tukalala chini kati ya viti huku vioo vikipasuka juu yetu, na kupitia nyufa za mlango nikaona wanaume sita wakimtoa Kambale wamemlaza juu ya benchi lililoletwa kutoka kanisani, wakimpeleka kwenye pikapu iliyokuwa ikienda hospitali ya misheni Kisinga. Mama yake alikuwa anakimbia kando ya benchi, kiatu kimoja kimemtoka. Hakukirudia.

Klabu ya Bwera ilishtaki. Baada ya siku kumi tuliitwa mbele ya kamati ya ligi, katika ukumbi mmoja mjini Kasese. Mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba kila mtu alilazimika kusema kwa nguvu. Wakati huo habari kutoka Kampala ilikuwa imefika: walinitaka. Afande alinishika bega mlangoni.

"Kama nakubali kosa, kamati nafungia wewe mwaka mbili. Kampala nakwisha. Sema uligusa mpira. Basi."

Kwanza alisimama Thembo. Akaulizwa alichoona. Alitazama sakafu, kisha akasema hakuona vizuri, mimi nilikuwa nimemkinga. Akarudi kukaa, lakini si kwenye kiti cha kando yangu alichokuwa amekaa mwanzo. Alikaa mwisho kabisa wa safu.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mzee, mtu wa taratibu. Akavua miwani.

"Bwambale, nitakuuliza mara moja tu. Uliuendea mpira au mguu?"

Mama yake Kambale alikuwa ameketi safu ya mbele. Alikuwa ametoka Kisinga alfajiri, kitenge chake kimelowa hadi magotini. Hakulia, hakutikisa kichwa. Alinitazama mdomo, kama mtu anayesubiri kuona neno gani litatoka humo.

"Mpira, mheshimiwa," nikasema. "Niligusa mpira kwanza."

Mwenyekiti akaandika. Yule mama akainuka. Nikajikaza, nikidhani atanilaani. Alimgeukia mwenyekiti na kusema, kwa Kiswahili cha Kongo, kwa sauti iliyoishinda mvua: "Nimesikia. Na batu bote basikie vile amesema." Akatoka nje. Shauri likafungwa siku hiyohiyo, nami nikawa sina hatia.

Wiki iliyofuata nilipanda basi la asubuhi kwenda Kampala. Wewe unaifahamu Kikorongo, pale barabara ya Bwera inapojitenga na ile kubwa. Basi lilisimama pale watu wanunue chakula. Wauza ndizi za kuchoma wakajaa madirishani. Kutoka pale hadi Kisinga si mbali, bodaboda walikuwa wamesimama wakingoja abiria, na mmoja aliniita kwa jina, "Bariya! Twende?" Nilijiambia nitashuka, nitakwenda, nitasimama kando ya kitanda niseme, halafu liwe litakalokuwa. Nilishika begi. Nikasimama kabisa. Abiria wa nyuma yangu akaniuliza kama nashuka, ili achukue kiti cha dirishani. Nikakaa. Basi likaondoka.

Ukinihukumu kwa ile rafu, nihukumu pia kwa pale Kikorongo. Rafu ilikuwa ya sekunde moja. Pale nilikuwa na robo saa nzima.

Nilicheza Kampala misimu minne, kisha Mwanza miwili. Nilivaa jezi nzuri, nilipanda ndege mara mbili, picha yangu ilitoka gazetini. Lakini sifa ilinitangulia kila nilikokwenda, na haikuwa sifa ya kucheza mpira. Makocha walinivuta pembeni kama Afande alivyofanya: "Bariya, kuna namba kumi pale, unaelewa." Walidhani ndiyo kazi yangu. Wakati mwingine nilikubali nikaenda nusu nusu. Wakati mwingine nilikataa nikawekwa benchi. Jambo baya zaidi lilianza msimu wa tatu. Mshambuliaji akisimama na mpira mbele yangu, nilisikia ule muwa ukivunjika, na mguu wangu ukachelewa. Nukta tu, lakini beki akichelewa nukta moja goli limeshaingia. Nilikuwa beki anayeuogopa mguu wake mwenyewe. Mwanza waliniacha nikiwa na miaka ishirini na minane, umri ambao mabeki wengine ndio kwanza wanakomaa.

Nikarudi nyumbani. Nikasomea ukocha, nikafundisha vijana Nyamwamba, na miaka ikapita, nikaoa, nikapata watoto, nikaota mvi. Halafu parokia moja ya Bwera ikaniomba niwafundishe wasichana wao. Ningeweza kukataa. Nilijiambia watu wamesahau.

Siku ya kuandikisha, wazazi walipanga mstari kutia sahihi fomu za ruhusa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikiandika majina, nikasikia mwendo wenye mguu mmoja unaoburuzwa kidogo. Sikuinua macho mara moja. Nilijua.

"Miye ni baba ya Kahindo," sauti ikasema.

Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimepungua, shingoni amejitundikia utepe wa kupimia nguo. Alikuwa fundi cherehani sokoni. Mfupa wake ulikuwa umevunjika mahali pawili, madaktari wakafanya yote yaliyowezekana, na mguu ukapona ukiwa mfupi. Kando yake alisimama msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, ambaye hata alipokuwa amesimama tu ulidhani amesahau kitu nyumbani.

"Karibu," nikasema.

Kambale akachukua kalamu, akatia sahihi taratibu. Aliporudisha fomu hakuiachia haraka. "Nakujua," akasema. Akangoja. Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu, wazazi wanatazama saa. Akangoja tena kidogo. Kisha akaiachia ile karatasi. "Mufundishe vizuri," akasema, na akaenda zake.

Miezi minane, mwanangu. Miezi minane nilimfundisha binti yule kila Jumanne na Alhamisi, na kila jioni baba yake alikuja kumchukua, akasimama kwenye kona ya mbali ya uwanja, na kila jioni nilisema kesho. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na nilimwogopa fundi cherehani aliyesimama kimya.

Kilichonivunja ni msichana mwingine, beki wangu, Biira. Mtoto mwenye bidii, mwenye nguvu, anayependa kushinda. Wiki moja kabla ya mchezo mkubwa tulicheza wenyewe kwa wenyewe. Kahindo akampita Biira mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wenzao wakacheka. Mara ya nne Kahindo akasimama na mpira. Nilimwona Biira anashusha macho kutoka kwenye mpira hadi kwenye mguu. Nilifungua mdomo kupiga kelele, na sikuwahi.

Kahindo alianguka akajiviringisha. Na Biira, kabla sijafika, aliinuka, akachora duara hewani kwa mikono miwili. "Niligusa mpira, kocha! Niligusa mpira!"

Nilipiga magoti kwenye nyasi nikaushika mguu wa Kahindo. Niliupapasa kutoka goti hadi kifundo. Ulikuwa mzima. Umechubuka, umevimba, lakini mzima. Nilitaka kulia. Nikamgeukia Biira nikiwa na hasira ambayo haikuwa yake.

"Nani alikufundisha hivyo?"

Mtoto alishtuka. "Si wewe, kocha?" akasema. "Watu wazima sokoni wanatuambia. Wanasema Bariya alimfanya hivyo namba tisa hapa hapa Bwera, akapata Kampala. Wanasema alikuwa mjanja, mwamuzi hakujua."

Kumbe wakati mimi nikidhani imesahaulika, ilikuwa inasimuliwa. Imegeuzwa hadithi ya mtu hodari. Na watoto wangu waliisikia kabla hawajanifahamu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Kambale. Nyumba yake iko nyuma ya soko, na cherehani ilikuwa barazani. Alikuwa anaikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake. Mama yake alikuwapo, mzee sana sasa, ameketi kwenye mkeka akichambua maharage. Nilisalimu. Nilipewa kiti. Kisha nikasema yote, mwanangu, bila kupumzika: Afande, shati jeupe, mfupa nilioutazama, duara la hewani, kamati, Kikorongo. Nilimaliza nikasema nisameheni.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Kambale alitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

"Nilingojea siku ile ya fomu," akasema hatimaye. "Nikasema, leo atasema. Haukusema. Nikasema, nitamuleta mutoto kila siku, anione kila siku, tuone atasema siku gani."

Yule mama ndiye aliyefuata kusema. Aliweka ungo chini.

"Weye jina yako ni nani? Si ile ya mupira. Ile mama yako alikupa."

"Bwambale, mama."

"Bwambale. Njo Kambale ile ile. Ulivunja mutoto mwenye jina yako. Sikia. Kuya hapa mu nyumba, kusema na batu wawili, ile ni kintu rahisi. Ule uongo haukuusemea mu nyumba. Uliusema mbele ya batu, bakaandika, bakaenda nayo. Mutoto yangu aliitwa mwongo mu soko. Balisema alianguka vibaya, anatafuta huruma. Sasa wende useme mbele ya batu. Kiisha urudi utuombe hiyo kusamehewa."

Nikamwambia, kwa woga tu, kwamba wazazi watawaondoa watoto wao, kwamba parokia itanifukuza. Akachukua ungo wake.

"Miye sikukutuma kuvunja mutu," akasema, na akaendelea kuchambua.

Jumapili ya ule mchezo mkubwa uwanja ulijaa. Ulikuwa uwanja uleule wenye mteremko. Wasichana wangu walikuwa wamepanga mstari, Kahindo amefungwa bendeji, Biira kando yake. Niliazima kipaza sauti cha mtangazaji. Sijawahi kuogopa namna hiyo mbele ya mshambuliaji yeyote. Nikaanza kusema jina langu, kisha nikasema nilichokuja kusema. Kwamba nilimvunja Kambale kwa makusudi. Kwamba sikuugusa mpira. Kwamba nilisema uongo mbele ya kamati, na Kambale hakuwahi kudanganya mtu. Sikumtaja Afande, ambaye ameshazikwa, wala Thembo. Nilijitaja mimi.

Nilidhani nimemaliza. Mama yake Kambale alikuwa safu ya mbele kwenye kiti cha plastiki walichomletea. Akainua mkono.

"Sema tena," akasema. "Bale ba nyuma habakusikia."

Nikasema tena, mwanangu. Neno kwa neno. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa niliwaona watu usoni. Kuna mzee mmoja alitema mate chini. Kuna baba mmoja aliingia uwanjani, akawashika binti zake wawili mikono akaondoka nao kabla filimbi haijapigwa. Tulicheza pungufu, tukafungwa.

Kamati ya parokia ilinisimamisha Jumatatu. Sikulalamika. Thembo alinipigia simu kutoka Kasese. Hatukuwa tumesemezana miaka yote hiyo. "Nimesikia ulichofanya," akasema. "Na mimi niliona, Bwambale. Niliona vizuri kabisa, na nikasema sikuona." Uongo wangu ulikuwa umemfanya naye awe mwongo, na hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

Miezi mitatu nilikaa nyumbani. Kisha parokia ikaitisha wazazi kuamua kama watafute mtu mwingine. Nilikuwa nje, nilikuwa nimekuja kurudisha funguo za stoo ya mipira. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia Kambale.

"Miye sijamusamehe," alisema. "Mujue ile. Mutu asinisemee kama nimemusamehe. Lakini kila jioni mutoto yangu anauliza kocha iko wapi. Na ule Biira, tangu siku ile, anachukua mupira bila kugusa mutu. Kocha mwingine nani atamufundisha vile?"

Wakanirudisha. Nafundisha hadi leo. Kambale bado husimama kwenye kona ileile ya mbali, na mwaka jana alianza kunisalimu kwa jina langu la nyumbani. Mama yake alifariki kabla ya mvua za Machi. Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma, na mtu hakunifukuza. Sijaambiwa kwamba nimesamehewa. Nimeacha kungoja kuambiwa.

Sasa nikupe kile nilichokusudia kukupa, maana nawe unaanza kucheza na watu wamekwisha kuanza kukusifia. Atakuja mtu mwenye cheo akuambie umwumize mwenzako, kwenye mpira, kazini, popote. Atakuambia kwa maneno machache, ili baadaye aseme hukumwelewa. Jibu lako litoe hapohapo, kabla hujaingia, kwa sababu ukishaingia damu inachemka na masikio hayasikii. Kama umekosa, kubali kosa likiwa bado na siku moja. Kukubali siku ya kwanza kungenigharimu miaka miwili ya kufungiwa. Kuchelewa kulimgharimu Kambale jina lake, kulimgharimu Thembo heshima yake, na karibu kumgharimu mtoto wa miaka kumi na minne mguu. Na ukiwa umemchafua mtu mbele ya watu, msafishe mbele ya watu. Usimnong'oneze sebuleni ukadhani mmemalizana. Kisha usimdai msamaha. Huo ni wake. Atautoa siku atakayotaka, au hatautoa kabisa, nawe utaendelea kuamka na kufanya kazi yako vizuri.

Nenda, mwanangu. Mungu wa babu zetu akulindie mifupa yako, na ailinde ya wale utakaopambana nao. Akupe macho ya kuutazama mpira. Ukiulizwa mbele ya watu ulifanya nini, akupe sauti ya kufika hadi kwa walio nyuma kabisa.